Bunduki Inayoomba Kura

(Juu ya filme ya John Ford: L'Homme qui tua Liberty Valance)

Katika kurasa hizi tumezoea kusema habari za vitabu. Leo naomba ruhusa kusema habari ya filme moja. Ni filme ya zamani, haina rangi, ilitoka mwaka 1962 huko Marekani. Jina lake kwa Kifaransa ni L'Homme qui tua Liberty Valance, maana yake: Mtu aliyemwua Liberty Valance. Aliyeitengeneza ni John Ford, na wachezaji wake wakubwa ni James Stewart, John Wayne na Lee Marvin. Labda wengine watauliza: padri wa Kakanda ana shauri gani na wachunga ng'ombe wa Marekani? Nawaomba wasome mpaka mwisho. Neno hili ni letu kupita wanavyofikiri.

I. Namna tulivyoitazama

Ilikuwa siku ya posho jioni, wakati wa kiangazi. Tulifunga shuka jeupe ukutani, katika sala kubwa ya misioni. Walikuja vijana sabini hivi, na wazee wachache waliofanya kazi ya mgodi zamani. Filme yasema Kifaransa. Nami nilisimama kando nikiwafasiria kwa Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka saa tatu ya usiku. Liberty Valance, yule mnyang'anyi, alikuwa amekwisha kuanguka njiani. Avoka kijana amesimama na bastola mkononi. Watu wote wa sala wamesimama vilevile, wanapiga makofi na miluzi. Mara umeme ukakatika. Tulingoja nusu saa gizani, haukurudi. Nikawaambia: «Nendeni kwa amani, tutamaliza siku ya posho ijayo.»

Basi, juma lile lote nilisikia habari ya avoka kila mahali. Watoto walichonga bunduki za miti, wakagawanya kazi: kila mmoja ataka kuwa avoka, hakuna anayetaka kuwa Valance. Katekista mmoja, ambaye hakuwako hata kidogo, alinisimulia filme nzima. Katika masimulizi yake avoka alikuwa amejifunza kulenga kwa siri miaka miwili. Mama mmoja wa sokoni alisema sivyo, avoka alikuwa na dawa, masasi hayakumwingia. Nilishangaa. Katika siku saba tu, dakika moja ya sinema ilikuwa imekwisha kuwa historia ya Kakanda.

Siku ya posho iliyofuata tukaonyesha sehemu iliyobaki. Humo yaonekana wazi kwamba avoka hakumwua Valance. Mtu mwingine alikuwa amejificha kando ya njia, ndiye aliyempiga. Sala yote ikanyamaza. Mwishoni nikauliza: «Mwaonaje?» Kijana mmoja akasimama, akajibu: «Baba Padri, heri ungetuachia ile ya kwanza.» Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka, kwani neno lile lile limo ndani ya filme, nalo ndilo neno lake kubwa.

II. Habari yenyewe

Mzee mmoja, Ransom Stoddard, seneta mwenye sifa kubwa, anashuka katika gari la moshi pamoja na mke wake katika mji mdogo wa Shinbone. Amekuja kumzika mtu maskini, Tom Doniphon, ambaye waandishi wa gazeti la mji hawamjui. Wanamwuliza: mtu mkubwa sawa na wewe unatafuta nini kwa jeneza hili la mbao? Ndipo seneta anapowasimulia mambo ya zamani.

Alikuja nchi ile akiwa kijana, na vitabu vya sheria tu katika sanduku lake. Liberty Valance alimvamia njiani, akampiga kwa mjeledi, akampasulia vitabu vyake. Valance huyo alikuwa mtumishi wa matajiri wenye ng'ombe, ambao hawakutaka nchi iwe jimbo lenye sheria na kodi. Doniphon, mwenye shamba na shujaa wa bunduki, akamwokota Stoddard. Stoddard akaosha sahani katika nyumba ya kulia, akafungua shule, akawafundisha wakubwa na wadogo kusoma. Hata Pompey, mtu mweusi anayemtumikia Doniphon, alikaa kalasini pamoja nao. Siku ya uchaguzi Valance akaja na mjeledi wake, ataka achaguliwe kwa nguvu. Watu wakamkataa, wakamchagua avoka na mwenye gazeti. Usiku Valance akampiga mwenye gazeti karibu ya kufa, akavunja mashini zake. Ndipo Stoddard, asiyejua kulenga hata chungu cha rangi, akatoka njiani na bastola.

Mambo yaliyofuata mmekwisha kuyajua. Watu wote wakaamini kwamba Stoddard ndiye aliyeua. Sifa hiyo ikampeleka kwenye mkutano mkubwa wa nchi, toka hapo mpaka Washington, akawa gavana, akawa seneta, akawa balozi. Doniphon, aliyepiga kweli, akachoma nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe, akaishi peke yake, akafa bila mtu kumjua. Stoddard anapolitazama jeneza, anauliza iko wapi bastola yake. Wanamjibu kwamba hakuibeba tena miaka mingi.

Seneta anapomaliza, mwenye gazeti anayararua yale maandiko yote na kuyatupa motoni. Hataandika kweli. Masimulizi yamekwisha kushika mahali pa kweli, basi atayaacha palepale. Huyu na kijana wangu wa Kakanda ni watu wa mawazo mamoja.

III. Neno ambalo filme hii yaliona vizuri

Filme nyingi za wachunga ng'ombe zafundisha jambo moja tu: mwenye haki hupiga haraka kupita mwovu. Mapadri wa zamani walizilaumu kwa sababu hiyo, na hawakukosa. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walijiita ma-Bill, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa na kutembea sawa na wapiga bunduki wa sinema, wakagawana mitaa ya mji sawa na nchi za vita. Padri mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, hakuridhika kuwafukuza: aliwafuata kwao, mpaka wakamwita Père Buffalo. Alijua kwamba kijana haponi kwa kukatazwa tu masimulizi. Lazima apewe masimulizi mengine.

John Ford mwenyewe alikuwa ametengeneza filme nyingi za namna ile. Katika hii, akiwa mzee, anatazama nyuma na kuuliza: kisha mlio wa bunduki, kunatokea nini? Jibu lake ni hili. Kwanza bunduki yaomba woga. Halafu, moshi ukiisha, yaomba shukrani. Yaomba kiti, yaomba kura, yaomba jina la njia na ukurasa katika kitabu cha shule. Liberty Valance alikuwa na bunduki ya woga, nayo ikashindwa siku ya uchaguzi: watu walimwogopa, lakini hawakumpa kura. Bunduki ya pili, ile ya shukrani, ndiyo iliyopata kura zote.

Tazameni vizuri habari ya mkutano wa nchi. Upande mmoja unamshtaki Stoddard: huyu ni mwuaji, damu i mikononi mwake. Upande mwingine unampenda kwa tendo lile lile. Mwenye gazeti, katika hotuba yake, ataja kwa neno moja tu kwamba Stoddard ni mwalimu, na neno hilo lapotea katika kelele yote ile. Hakuna anayesema: mchagueni kwa sababu alimfundisha kusoma mama aliyepika katika nyumba ya kulia. Kazi yake ya kweli, kazi ya kila siku, kazi ya chaki na karatasi, imesahauliwa. Wamechukua kazi ambayo hakuifanya, wamemvika sawa na joho. Naye Stoddard, mtu mwema, alikubali kulivaa maisha yake yote. Mwisho wa filme, katika gari la moshi, mtumishi anamwambia kwamba hakuna heshima inayotosha kwa mtu aliyemwua Liberty Valance. Mzee anainama, kiberiti mkononi, hawezi tena kuwasha kiko chake. Sijaona katika sinema adhabu iliyo kali na yenye kimya sawa na ile.

IV. Masimulizi yaliyokuwa siasa

Msidhani haya ni mchezo wa sinema tu. Katika Marekani yenyewe masimulizi haya yamekuwa nguvu kubwa ya siasa. Chama kiitwacho National Rifle Association kilianzishwa mwaka 1871 na watu waliotoka vitani, ili kuwafundisha raia kulenga shabaha. Kwa muda mrefu kilikuwa chama cha wawindaji na mashindano, wala hakikukataa kila sheria ya kuzuia silaha. Lakini katika mkutano wa Cincinnati, mwezi wa tano wa 1977, wanachama wakali waliwaondoa wakubwa wao usiku, wakakigeuza kuwa chama cha siasa. Tangu hapo, kwa kila uchaguzi, chama kiliwapa watu wanaotaka viti alama kutoka A mpaka F, sawa na mwalimu anavyosahihisha kazi za watoto. Mwenye alama mbaya aliogopa kupoteza kiti. Mwaka 2016 chama kilitoa dola milioni 30 hivi kumsaidia mtu mmoja awe prezida.

Wengi hufikiri kwamba fedha ndiyo iliyofanya kazi yote. Mimi sisadiki. Fedha hununua matangazo, lakini lazima kuwe na neno la kutangaza. Neno lenyewe lilikuwa tayari, lililetwa na sinema: mtu mwema peke yake, bunduki mkononi, serikali i mbali, mwovu anakuja. Angalieni jambo hili. Charlton Heston, aliyecheza Musa mwaka 1956 katika filme ya Amri Kumi, alikuwa prezida wa chama hicho kutoka 1998 mpaka 2003. Mwaka 2000, katika mji wa Charlotte, aliinua bunduki ya kizamani juu ya kichwa chake mbele ya maelfu ya watu, akasema kwamba hataiachilia mpaka wamtoe mkononi akiwa maiti. Mikono ile watu walikuwa wameiona ikibeba mabamba ya mawe, na juu ya mabamba yale imeandikwa amri ya tano. Hakuna aliyecheka. Walipiga makofi, sawa na sala yetu ya Kakanda usiku ule.

Mahakama kuu ya nchi ile iliamua mwaka 2008 kwamba kila raia ana haki ya kuweka bunduki nyumbani. Mwaka 2022 ikaongeza haki ya kuibeba nje. Watu wenye kuhesabu mambo haya walikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Marekani wana bunduki zaidi ya milioni 390, kupita hesabu ya watu wenyewe. Papa Fransisko, aliposema mbele ya wabunge wao tarehe 24 ya mwezi wa tisa 2015, aliwauliza kwa nini silaha zinauzwa kwa wenye kuwatesa watu, akajibu mwenyewe kwamba ni kwa ajili ya fedha, fedha iliyolowa damu. Waliondoka pale, na mambo yakabaki karibu yaleyale. Miaka hii chama chenyewe kimetikisika: mkubwa wake wa miaka mingi aliacha kazi mwezi wa kwanza wa 2024, na mwezi uliofuata baraza la mahakama ya New York likaona kwamba alitumia vibaya mali ya chama. Lakini masimulizi hayakutikisika. Masimulizi hayana ofisi wala sanduku la fedha, basi hakuna wa kuyashtaki.

V. Na kwetu Katanga?

Sasa turudi nyumbani. Bunkeya si mbali na Kakanda. Katika karne ya 19 Msiri, mwana wa mfanya biashara ya shaba kutoka Unyamwezi, alifanya ufalme mkubwa pale. Aliufanya kwa akili na kwa biashara, tena kwa bunduki na baruti zilizonunuliwa kwa shaba, pembe na watu, kutoka pwani za pande zote mbili, hasa kwa wachuuzi wa Bié katika Angola. Tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili 1891 kapteni Bodson, wa safari ya Stairs, alimpiga risasi akafa, naye Bodson akapigwa palepale akafa.

Vitabu vya wakoloni vilisimulia habari hii mara nyingi, na daima katikati yake amesimama mtu aliyempiga Msiri. Wengine kati yetu wanasimulia kwa upande mwingine, na katikati amesimama Msiri na bunduki zake. Lakini kabla jeshi la Stairs halijafika, Wasanga walikuwa wamekwisha kuasi juu ya mateso waliyoyapata. Ufalme ulikuwa unapasuka kutoka ndani. Je, nani anawasimulia watoto habari za wakulima wale, za akina mama waliouzwa kwa baruti, za njaa iliyofuata vita? Twajua jina la mtu aliyepiga. Majina ya waliolima na kufua shaba hatuyajui.

Msiseme ni mambo ya zamani. Tangu 1998 serikali iliwagawia Wamai-Mai wa kaskazini ya Katanga silaha, wazuie jeshi la Rwanda na wenzao. Walioanza kwa kulinda vijiji, wengi wakageuka kuvila vijiji. Mitwaba, Pweto na Manono zikaitwa pembetatu ya mauti. Gédéon Kyungu Mutanga, mkubwa wao mmoja, alijitoa kwa askari wa Umoja wa Mataifa mwaka 2006. Mahakama ya askari ya Kipushi ikamhukumu mwaka 2009 kufa kwa makosa juu ya utu wa watu. Mwaka 2011 akatoroka gereza la Kasapa. Mwaka 2013 watu wa Bakata Katanga, wale wanaotaka kuikata Katanga na Kongo, waliingia Lubumbashi wakibeba silaha. Mwezi wa kumi 2016 akatoka tena porini na watu wake, akapokewa Lubumbashi na wakubwa kwa shangwe, sawa na mgeni wa heshima. Hakurudishwa gerezani: alikaa katika nyumba mjini, mpaka alipotoweka tena mwaka 2020.

Tukumbuke tena serikali ya mwaka 2003, ile ya prezida mmoja na makamu wanne. Wawili kati ya makamu wale walikuwa wakubwa wa vyama vilivyoshika silaha. Ilikuwa bei ya amani, nami siwahukumu waliolipa bei ile. Watu walichoka kufa. Lakini vijana wetu walitazama na kujifunza. Kijana mwenye diploma anabisha mlango miaka mitano. Kijana mwenye bunduki, wakubwa wanamtafuta porini na kumletea karatasi ya kutia sahihi. Somo lile halikuandikwa ubaoni, lakini kila mtu alilisoma.

Niseme na jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Nilibariki jeneza la kijana aliyepigwa risasi usiku kandokando ya mgodi mmoja. Sitataja mahali wala watu. Katika kilio chake nilikaa na wanaume waliozunguka moto. Saa mbili nzima walisimulia habari za yule aliyepiga: alisimama wapi, alilenga namna gani gizani, risasi moja tu. Walimchukia, lakini katika sauti zao mlikuwa na kitu kinachofanana na sifa. Habari za marehemu zilikwisha kwa maneno matatu. Usiku ule nilielewa filme ya John Ford kupita siku niliyoionyesha.

VI. Makosa ya filme

Tumesifu, sasa tulaumu. Naona makosa matatu.

La kwanza ni juu ya Pompey, aliyechezwa na Woody Strode. Ndiye aliyemtupia Doniphon bunduki katika giza. Bila mkono wake risasi isingetoka. Siku ya uchaguzi anakaa nje, kwenye ngazi. Katika kalasi anasimama kusema maneno ya tangazo la uhuru wa Marekani, na neno analolisahau ni lile la usawa wa watu wote. John Ford aliliweka pale kwa makusudi, nami namsifu. Lakini baada ya kulionyesha, analiacha. Doniphon aliipoteza sifa yake, seneta akaipata, Pompey hakuulizwa hata kama anaitaka. Msomaji Mwafrika ana haki ya kuuliza habari yake, kwani katika vita vingi vya bara letu sisi ndio tuliotupa bunduki, na wengine wakaandikwa vitabuni.

La pili ni juu ya maiti. Valance anapakiwa katika gari la farasi, na filme yaendelea. Alikuwa mwovu, lakini alikuwa mtu. Hakuna sala, hakuna mama, hakuna kaburi. Filme inayoona vizuri deni la uongo haikuona deni la damu.

La tatu ndilo kubwa. Filme yasema kwamba shule na sheria za Stoddard zisingeishi siku moja bila bunduki ya Doniphon. Je, ni kweli? Hapa lazima tuseme kwa haki, kwani wengi wenye kutetea bunduki si watu wabaya. Mkulima wa Mitwaba anayesema: «Askari hawafiki kwetu, nani atawalinda watoto wangu?» hasemi upuuzi. Eklezya yafundisha kwamba mtu aweza kujilinda, tena mwenye kutunza uhai wa wengine aweza kuwa na wajibu mzito wa kuwalinda. Lakini Eklezya yafundisha pia kwamba serikali ina haki na wajibu wa kutawala utengenezaji na biashara ya silaha. Mambo haya mawili yakitengana, twaanguka. Ulinzi usio na sheria juu yake haubaki ulinzi. Wamai-Mai walikuwa ulinzi mwaka 1998. Miaka sita haikupita, na wanakijiji wakawakimbia walinzi wao. Methali yasema: mwenye nguvu mpishe. Ni shauri la njiani tu. Anayeifanya kuwa katiba ya nchi atapisha mpaka hana tena mahali pa kusimama.

Tena filme yasahau jambo ambalo yenyewe imelionyesha. Watu wa Shinbone walikuwa wamekwisha kumshinda Valance mara moja, bila risasi: siku walipoinua mikono na kumnyima kura mbele ya mjeledi wake. Ule ulikuwa ushujaa wa kweli, ushujaa wa watu wengi wadogo pamoja. Hakuna aliyeuwekea jina. Mtu aliyemwua Liberty Valance ana jina kubwa; watu waliomkataa Liberty Valance hawana.

VII. Tufanye nini?

Tunasoma katika Injili juu ya kura ya namna hii. Pilato aliwapa watu wachague kati ya wawili. Mmoja alikuwa amefanya fujo na kuua. Wa pili alikuwa amemwambia Petro arudishe upanga alani. Watu walimwomba Baraba. Tumezoea kufikiri kwamba walidanganywa na wakubwa tu. Labda lilikuwako jambo lingine: Baraba alikuwa na masimulizi mazuri.

Basi, ndugu mafratri na makatekista, kazi yetu katika neno hili si kubeba bunduki wala kuikusanya. Wako wenye kazi hiyo. Katika miaka ya 2000 Wakristo wa shirika la PAREC waliwapa Wamai-Mai wa Katanga baisikeli badala ya bunduki, na katika Msumbiji, tangu 1995, makanisa yalibadilisha silaha kwa majembe na mashini za kushonea, sawa na nabii Isaya alivyotabiri. Ni kazi njema. Lakini aliyetoa bunduki mkononi aweza kubaki nayo katika masimulizi yake, na hapo ndipo penye kazi yetu. Sisi ndio tunaosema kwenye kaburi, kwenye mafundisho, kwenye sikukuu ya parokia. Sisi pia tunashika kalamu ya yule mwandishi wa Shinbone, na kila juma tunachagua: kuandika au kurarua.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Katika kilio cha aliyeuawa, katekista asimulie maisha ya marehemu kwa urefu, na habari ya risasi kwa ufupi. Wakati wa uchaguzi, padri asitaje jina la anayeomba kura, lakini awafundishe Wakristo kuuliza swali moja: mtu huyu, tukiondoa habari za vita vyake, amefanya kazi gani? Na katika seminari, wanaosoma historia ya Katanga watafute kwa wazee majina ya wale ambao hawakupiga mtu, waliolima, waliofundisha, waliokataa, wakayaandike kabla wazee hawajatutoka.

Hukumu yetu juu ya filme: ni njema sana, yafaa kwa seminari kubwa, kwa makatekista na kwa vijana waliokwisha kupata Kipaimara. Isionyeshwe kwa watoto wadogo. Iongozwe na mtu atakayeifasiri na kuuliza maswali. Tena ionyeshwe yote, mpaka mwisho, katika usiku mmoja. Mwenye motere ya umeme ailete, na aweke mafuta ya kutosha.

Yule kijana aliyetaka nimwachie masimulizi ya kwanza alirudi kwangu baada ya mwezi. Aliniuliza: «Baba Padri, yule Doniphon, mbona aliacha kubeba bastola?» Nikamwuliza yeye aonaje. Akafikiri kidogo, akajibu: «Labda alikuwa mtu peke yake katika mji ule aliyejua ilikuwa imefanya nini.»